Bei ya Kumwacha Huru Mwenye Ploti

Kumwacha huru mtumwa mmoja kulinigharimu mikate kumi na moja, sukari kilo mbili, maziwa sikumbuki pakiti ngapi, na mayai ambayo mke wangu aliyahesabu mwenyewe kwa sababu hakuiamini hesabu yangu. Mtumwa mwenyewe alikuwa mwenye ploti tuliyopanga.

Ilikuwa mtaa wa Huruma, miaka ya themanini ikianza. Nilikuwa nauza shuka za mitumba soko la Gikomba, biashara ilikuwa imelala, na kodi ya miezi miwili ilikuwa juu yangu. Mwenye ploti alikuwa ameniambia kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za watoto, kwamba Pasaka ikipita sijalipa atang'oa mlango wangu. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Jirani yetu mmoja alishalala wiki nzima nyuma ya pazia.

Kanisa letu lilikuwa likiandaa igizo la Pasaka. Msimamizi, mwalimu wa historia hapo mtaani, alisema amechoka na Warumi ambao kazi yao ni kushika mikuki tu. Safari hii tungeonyesha nyumba ya Mrumi: bwana anakula amelala ubavu, mtumwa anamfunga viatu, watu wa kawaida wanasubiri mlangoni. Ili tusigombanie vyeo, mchungaji aliomba, kisha tukachota vikaratasi kwenye kofia yake. Mimi nikapata bwana mkubwa. Mwenye ploti, mzee wa kanisa, vyumba kumi na viwili vya mabati, akapata mtumwa wangu.

Watu walikohoa. Lakini kura ilikuwa imeombewa, na mzee wa kanisa hawezi kumwambia Mungu arudie.

Mazoezi ya kwanza aliinama kunifunga viatu.

"Kaza kidogo, mzee," nikamwambia.

"Nikikaza zaidi utakosa damu ya kutafutia kodi," akajibu bila kuinua uso.

Habari zikaenea. Wapangaji wenzangu wakaanza kuja kutazama mazoezi, na mama mboga alikuja na kigoda chake kabisa. Hapo mzee akamuuliza mwalimu kama mtumwa hana njia ya kutoka. Mwalimu alifurahi kuulizwa. Akaeleza kwamba kule Roma mtumwa aliweza kuweka akiba na kujinunua, ila hata akiwa huru hubaki mtu wa bwana wake wa zamani.

Mzee akanigeukia. "Nakufutia mwezi mmoja wa kodi, unaniacha huru."

"Mzee, mtumwa mwenye ploti nzima? Miwili."

"Nina goti bovu."

"Bovu na linainama vizuri hivyo?"

"Mmoja, na mwaka huu sikuongezi kodi."

Nilipiga hesabu, nikairudia. Ule mwezi mwingine ningeuchanga kabla ya Pasaka, mlango ubaki. Tukapeana mikono. Mwalimu akamvisha kofia ya sufu, akasema ndivyo walivyovaa walioachwa huru, na kwamba kuanzia hapo tuishi Kirumi hata nyumbani ili tuzoee.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, hodi. Mzee mlangoni, kofia kichwani.

"Nimekuja kukuamkia, bwana wangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe alikuwa amemhoji mwalimu vizuri kuliko mimi. Aliyeachwa huru humwamkia bwana wake kila asubuhi, na bwana hamrudishi mikono mitupu, humpa chakula. Mke wangu akamimina chai. Mzee akala vipande vinne vya mkate na yai, akauliza kama siagi imeisha au imefichwa.

Siku ya tatu alikuja na shemeji yake. "Huyu naye ni mtu wangu," akasema akimvutia stuli. "Sisi tulioachwa huru tunaruhusiwa kuwa na watu."

Mke wangu alinisubiri waondoke. "Baba watoto, huyu umemwacha huru au umempangisha?"

Kumfukuza sikuweza. Nilijaribu siku moja kujifanya nimelala, akasema kupitia tundu la ufunguo kwamba bwana anayekataa kuamkiwa amevunja mapatano, na mapatano yakivunjika ule mwezi unarudi. Nikafungua.

Jumamosi kabla ya Pasaka nikamwaga pesa kitandani. Zile nilizokuwa nikiweka za kodi zilikuwa zimepungua nusu. Nikahesabu tena, maana kuhesabu hakulipiwi, zikabaki vilevile. Nikaenda kwa mwalimu, nikamkuta anapiga pasi shuka zangu za Kirumi za kuvaa kwenye igizo.

"Vipi, bwana mkubwa?"

"Mwalimu, nishauri," nikasema. "Kule Roma, bwana mkubwa akiishiwa kabisa, yeye asubuhi alikwenda kumwamkia nani?"