Viazi vya Oliva na Benchi la Marudi

Wifi yangu Oliva hakuanzisha kanisa. Naandika hivi kwa sababu hapa Makambako wapo wanaosema alianzisha. Alichofanya ni kupika.

Kila Jumapili baada ya ibada aliinjika sufuria la viazi na maharage, na aliyetaka kula aliingia. Kwanza waliomba, wakaimba, mwenye shida akaisema. Wapasua mbao walikuja, wajane tulikuja. Halafu akaja Jasmine, binti wa jirani, aliyekuwa kwenye marudi: alishika mimba bila ndoa, akaondolewa kwenye meza ya Bwana, na kanisani akakalishwa benchi la nyuma.

Hapo ndipo alipotujia Nathanieli, mzee wa kanisa, na koti lake la Jumapili, siku ya Jumanne.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mzee. Karibu viazi."

"Sikuja kula. Mama Oliva, kuumega mkate ni kazi ya mchungaji."

"Mimi sijamega mkate, mzee. Nimemenya viazi."

Nikacheka. Nathanieli akanitazama mpaka nikanyamaza, kisha akasema wazi: Oliva akiendelea kuomba na kula na walio kwenye marudi, Jumapili naye atatajwa kanisani kuwa yuko kwenye marudi. Na Oliva hajakosa meza ya Bwana tangu apate kipaimara. Tena kwa umri wetu huu, ukifa ukiwa kwenye marudi mchungaji haji kukuzika.

"Wale wa mwanzo walikuwa na jengo gani?" Oliva akamuuliza. "Walikula nyumbani kwa mtu. Meza ya Bwana na meza ya chakula ilikuwa moja, mwenye njaa akashiba hapo hapo. Ninyi mmezitenganisha, moja mkaitia kufuli."

"Hata wao walitenga watu, mama. Usichague."

"Walitenga. Walimtenga mwanamume aliyemchukua mke wa baba yake. Hawakumtenga binti, wakamwacha aliyempa mimba akiimba besi kwaya kuu."

Nathanieli akaanza kufunga vifungo vya koti. Usharika mzima ulimjua huyo wa besi.

"Ningewapa pombe ya ulanzi ungekuwa na neno," Oliva akamwambia akiwa mlangoni. "Viazi, mzee?"

Alipoondoka nilimshauri wifi yangu amlishe Jasmine peke yake, jikoni, kimya kimya. Akaniuliza kama siku hizi nami ni mzee wa kanisa.

Jumapili Nathanieli akasimama kutangaza marudi. Kabla hajafungua kinywa, Oliva aliinuka kule mbele tunakokaa, akapita katikati ya watu bila haraka, akaketi benchi la nyuma kando ya Jasmine.

"Mama Oliva, bado sijakutaja," Nathanieli akasema.

"Taja tu, mzee. Nimeshafika."

Akamtaja. Watu wakaenda kwenye meza ya Bwana kwa safu, naye akabaki ameketi, shingo imenyooka. Mimi pia sikwenda. Hakuna aliyenitaja, lakini sikwenda.

Mchana ule tulimenya viazi vingi kuliko siku zote, maana wengi walikuja kuchungulia, wakanusa maharage, wakakaa. Aliye kwenye marudi haruhusiwi kuongoza sala. Hilo kwetu hata mtoto analijua. Oliva akaipua sufuria, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Jasmine mwanangu," akasema, "tuombee chakula."

Jasmine akatuombea.