Siku Simu Ilipojua Niko Kindu

Mimi Kinshasa sijafika. Nimezaliwa Mikelenge, mtaa wa hapa Kindu, nimesoma Mikelenge mpaka diploma ya sekondari, na safari yangu ndefu ni kuvuka mto kwenda Alunguli. Hapo napo, mtumbwi ukiyumba kidogo, naanza kuahidi sadaka. Lakini kwenye mtandao mimi ni mtu wa Kinshasa. Kila nikifungua sanduku letu la barua katika simu, ukurasa wa usalama unaandika: limefunguliwa Kinshasa. Mwanzoni nilijisikia mkubwa kidogo.

Sanduku lenyewe tunalitumia wawili, mimi na mdogo wangu. Yeye aliondoka miaka ya vita. Treni ilikuwa haiji tena, chumvi imeadimika, naye akavuka mto na baiskeli iliyobeba mafuta ya mawese, aende Kalima, arudi na chumvi. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Niliilinda zaidi nikiwa chini ya kitanda. Barabara ikafungwa nyuma yake, akasonga mbele, akaonekana Pangi, kisha hakuonekana. Vita vikaisha. Mama akaendelea kupika sufuria ileile kubwa, na mimi nikaendelea kunenepa.

Simu zilipotufikia, akatokea humo. Alikuwa mzima. Akafungua sanduku, akanipa neno la siri, niweke picha za mama azitazame. Nikamuuliza yuko wapi.

“Yaya, unajua ya kwetu,” akaniandikia mimi mkubwa wake. “Mutu akitoka safari haulizwi kitu mbele ya kula. Mimi sijakula bado.”

Ni kweli, kwetu ni hivyo: maji ya kunawa kwanza, kisha wali, na maswali yanangoja mpaka mtu anawe tena. Basi kwa heshima sikuuliza tena. Nikawa nachungulia tu.

Ukurasa ule ulionyesha na alipofungulia yeye. Lubumbashi. Wiki nyingine Ubelgiji. Halafu Afrika Kusini, halafu Lubumbashi tena.

“Mutoto yako anapanda ndege kama sisi mutumbwi,” nikamwambia mama.

“Na njia ya huku haijui?”

Asubuhi moja ya Jumapili ukurasa ukaandika: Kindu. Nikaufunga, nikaufungua, Kindu ileile. Mimi ni wa Kinshasa, hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Wa Kindu basi ni nani, kama si yeye?

“Mama, amefika.”

“Iko wapi?”

“Hapa mjini. Pengine anatafuta nyumba, mitaa imegeuka.”

Mama akainuka. Akapima mchele mpya, akatwanga sombe, majani ya muhogo, akanituma samaki mtoni, na mimi, mtu wa kiti, nikaenda mbio. Akavaa kitenge cha sikukuu, akaketi mlangoni na birika la kunawia pembeni yake. Kila baiskeli iliyopita aliinua kichwa. Wali ulipopoa akaufunika kwa sahani nyingine. Hapo nikaandika: “Umepotea? Nikupokee wapi?”

“Nipotee wapi tena?”

“Mashini imesema uko Kindu.”

Akacheka mstari mzima wa herufi. “Yaya, wa Kindu njo weye mwenyewe. Mimi leo sijafungua kitu.”

Akanieleza. Simu ikiingia mtandaoni inaazimwa namba, na namba ile ni ya kampuni, si ya mtu. Wanaokisia mahali wanasoma kampuni iliiandikisha wapi, mara nyingi kwenye ofisi yake kubwa, na namba zenyewe zinahamishwa huku na huku. Ndiyo maana nilikuwa naishi Kinshasa bila kodi ya nyumba. Sasa kuna mtu amesahihisha, nimerudishwa kwetu. “Na Ubelgiji mimi nitaenda na baiskeli gani?”

Miaka yote ile mashini ilinidanganya, na mimi nikaiamini. Siku iliyosema kweli, ikasema kuhusu mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Nikaenda mlangoni. “Mama, ni mimi. Wa Kindu ni mimi.”

Akachukua birika. “Weye nilikuwa najua uko wapi,” akasema, akaingia ndani kuvua kitenge.

Simu ikalia tena. “Mulipika nini?”

Nikamwandikia: wali mpya, sombe, samaki.

“Na ukoko?”

“Uko. Mama amekataa nisiuguse.”

Baadaye ikaingia sauti yake, fupi. Alitaka kusema kitu, akakohoa, akaacha, na nyuma yake mvua ilikuwa inapiga mabati, mvua kubwa, ya kumzuia mtu hata kusikia neno lake mwenyewe. Nikampa mama simu. Akaisikiliza, akanirudishia, akaomba tena. Kisha akatoka uani kutazama juu. Kwetu kulikuwa na jua tu, toka Mikelenge mpaka ng’ambo ya mto.