Waliomposa Malkia

Mama mdogo ana saluni yake mtaa wa Peckham. Viti vyote vina wateja, na yeye mchana hula wali nyuma ya kaunta, peke yake. Leo alipochovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, ile harufu ya plastiki ilinirudisha sakafuni kwa mama, kichwa changu kikiwa katikati ya magoti ya mama mdogo.

Alikuwa ananisuka, nami nina swali la historia la shule: je, malkia huyu alifaulu? Mama alikuwa anakaanga maandazi, na tangu asubuhi wimbo wake ulikuwa mmoja: mgane wa Lewisham, mtu wa kanisani, kaleta posa kwa mama mdogo, naye hajajibu.

"Malkia gani huyo?" mama akauliza.

Nikamwambia kwa Kiingereza: yule wa Waingereza wa kale, aliyekataa kuolewa.

"Andika hakufaulu. Kafa hana mume, hana mtoto. Nani alimlilia?"

Vidole vya mama mdogo vikakaza nywele hadi machozi yakanitoka.

"Andika nchi nzima ilimlilia," akasema. "Hebu soma, waliomposa aliwajibu nini?"

Nikafunua kitabu. Aliwaambia wasubiri, wakasubiri mpaka wakachoka.

"Umesikia, dada? Na huyo wako mwambie asubiri."

Mama akasonya, akageuza maandazi.

Nikaandika kwamba malkia alifaulu sana. Mwalimu alinirudishia kazi ikiwa na wino mwekundu pembeni: ushahidi uko wapi?