Ubongo Niliouficha Jikoni

Mpaka leo nikiingia chumba cha walimu lazima kuna mmoja atauliza kama nimekuja na kitoweo, na wote wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, aibu nilijitafutia mwenyewe na hakuna mtu wa kulaumu. Nawaambia kwa kirefu ili mkisikia kwa wengine mjue ilivyokuwa, maana huko nje wanatia chumvi (na chumvi yenyewe ni mimi niliyeitia, mtaona).

Mimi nafundisha sayansi kwa shule moja huko Gatuanyaga, na muhula huo Gredi ya Saba tulikuwa tunasoma ubongo na neva, jinsi habari inavyotoka kidoleni ikafika kichwani na jibu likarudi kabla hujamaliza kusema "uwi". Walilipenda somo hilo kuliko nilivyotegemea. Aliyelipenda kuwashinda wote ni Wambui, msichana wa miaka kumi na tatu, mwembamba, mwenye maswali ya kumtoa mwalimu jasho. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, ubongo ilijuaje inaitwa ubongo?" Nikamwambia tutaendelea kesho. Hiyo kesho bado haijafika.

Sasa Wambui ana kifafa. Alikuwa ameanguka mara mbili shuleni, ya pili ikiwa paredi ya asubuhi mbele ya kila mtu, na watu wakaanza kumwambia mama yake kwamba hayo ni mapepo, mtoto akae nyumbani aombewe. Mama Wambui anafuga mbuzi huko huko Gatuanyaga kwenye vumbi, ni mama wa maneno machache, na alikuja kuniona akiwa amesimama tu mlangoni.

"Mwalimu, sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini mtoto akianguka kwa barabara na pikipiki zile zinakimbia, mimi nitaambia nani?"

Nikamsihi asubiri Ijumaa, siku ya wazazi, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amenipa nafasi ya kufundisha wazazi somo la ubongo, na nikamwahidi ataona kwa macho yake kwamba kifafa ni jambo la mwili kama malaria. Akafikiri, akasema, "Nitakuja. Lakini nisipoelewa, Jumatatu haji."

Basi hapo ndipo ningetulia, nifundishe tu. Darasani tulikuwa na mchezo wetu, watoto wanashikana mikono kwa mstari, wa kwanza anambana wa pili, wa pili anambana wa tatu, mpaka wa mwisho ainue mkono, na hivyo ndivyo seli za neva zinavyopashana habari. Wambui mwenyewe alinifuata akaniambia, "Mwalimu, Ijumaa si tufanye tu ile ya mikono?" Nikamwambia hiyo ni ya watoto, siku hiyo kutakuwa na afisa wa elimu kutoka mjini, lazima tuoneshe kitu kikubwa. Hayo maneno nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi.

Kitu kikubwa chenyewe kilikuwa ubongo halisi wa mbuzi. Mimi naishi Ngoingwa, na kuna Baba Kim pale mwenye buchari, ambaye vichwa vyote huvipasua kwa shoka vikaingia kwa sufuria ya supu. Nilipomwambia nautaka mzima, bila hata mkwaruzo, aliweka shoka chini, akatafuta kisu kidogo na msumeno, akafanya kazi nusu saa nzima wateja wakimngoja na wengine wakimtukana, na akautoa mzima kama alivyouweka Mungu, pande zake mbili na mikunjo yake yote, hata ile sehemu ndogo ya nyuma inayotufanya tusiyumbe tukitembea. Mikono ya yule mtu ingefaa chumba cha upasuaji.

"Mwalimu, hii kazi sijawahi fanya," akasema akipangusa jasho. "Usiniangushe."

Nikautia kwa mkebe wa aiskrimu wenye maji ya chumvi, nikapanda boda boda nikiwa nimeukumbatia, nikafika shuleni na vumbi mpaka kwa kope.

Jua lilikuwa kali na mahali pekee penye baridi ni jikoni, nyuma ya pipa la maji. Sasa mnajua siku ya wazazi kwetu inavyoendeshwa, kila mzazi anakuja na kitu chake, kabichi, viazi, kuku, anakiweka jikoni bila kelele na kwenda kukaa, na Mama Nekesa mpishi wetu (ametoka Bungoma na hajawahi kuunguza chakula tangu nimjue) hahitaji kuuliza, kilichoingia jikoni siku hiyo ni cha sufuria. Nimekula kwa mpango huo miaka sita! Na bado nikaweka mkebe wangu hapo, yeye akiwa ameenda kuteka maji, nikaondoka bila kumwambia mtu, eti nataka wote washtuke kwa pamoja.

Saa nne tukaketi kunywa chai na mgeni, yule afisa. Mama Nekesa akaleta chapati, na kwa mgeni akaleta na sahani ya kitu cha njano kilichokaangwa na nyanya na dhania, laini, kinanukia. Afisa, mzee mwenye kitambi na miwani, akala akafunga macho.

"Hii mayai imepikwa na nani? Chumvi ni mob, imezidi kidogo, lakini wah!"

Akaongeza. Na kwa sababu mimi nilikuwa kando yake na chapati yangu ilikuwa kavu, (hapa ndipo pananiuma) nilichota vijiko viwili. Vilikuwa vitamu sana.

Tukaenda kwa hema. Wazazi wamejaa, Mama Wambui ameketi mstari wa pili na kikapu mapajani, Wambui na wenzake wamekaa mbele. Nikakimbia jikoni, nikaukuta mkebe wangu juu ya meza umefunikwa kitambaa, nikasema huyu mama ana adabu, amenifunikia. Nikaubeba kwa mikono miwili, nikasimama mbele ya watu, nikaanza kutoa hotuba kwamba leo wanaenda kuona kitu ambacho hata vyuoni wengine hawakioni, kiti cha fahamu, rubani wa mwili, nikaenda hivyo kama dakika tano, mwalimu mkuu akiwa ananiangalia kwa fahari, halafu nikavuta kitambaa na kupaza sauti, "Wazazi, huu hapa ubongo!"

Ndani kulikuwa na vitunguu vilivyokatwakatwa.

Papo hapo Mama Nekesa akatokea nyuma ya hema na mwiko mkononi. "Mwalimu, rudisha hiyo kitunguu, ni ya kachumbari."

"Mama Nekesa," nikasema pole pole, "kile kilikuwa ndani kiko wapi?"

"Si nilipikia mgeni? Nilidhani mzazi ameleta kwa heshima yake. Nilishangaa tu mtu ameitia chumvi mapema."

Afisa akavua miwani, akaivaa tena. "Mwalimu, mimi nimekula nini?"

"Ubongo ya mbuzi, sir," nikajibu. Na sijui ni kitu gani kilinituma niongeze, "Hata mimi nimekula."

Jamani. Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Mzee mmoja alitoka nje akalala kwa nyasi. Mimi nimesimama tu na vitunguu vyangu na macho yananitoka machozi (nilisingizia vitunguu). Lakini Mama Wambui hakucheka. Nilimwona anaweka kikapu begani na kuinuka, na hapo kicheko cha watu kikawa hakinihusu tena, kwa sababu nilijua Jumatatu nimeipoteza, na si mimi ninayeipoteza kwa kweli.

"Mum, ngoja," Wambui akasema.

Alikuwa amesimama. Hakuniangalia hata kidogo, akaenda moja kwa moja kwa mstari wa mbele na kuwaambia wazazi washikane mikono, na ajabu ni kwamba walishikana, mpaka afisa, mpaka Mama Nekesa na mwiko wake. Akamshika mama yake mkono na kumweka mwisho wa mstari. Akawaambia ukibanwa, bana mwenzako. Ujumbe ukapita mstari mzima, Mama Wambui akainua mkono, watu wakapiga makofi.

"Hivyo ndio seli za ubongo zinaongea," Wambui akasema. "Kila moja inangoja zamu yake. Sasa msingojane. Kila mtu abane tu, nyote, saa hii, nguvu yote!"

Mstari ukatikisika, huyu anavutwa huku, yule kule, mama mmoja akaanguka juu ya mwingine wakicheka. Wambui akangoja mpaka wakanyamaza.

"Hiyo ndio inafanyika kwa kichwa yangu," akasema. "Si mapepo. Ni seli zimeongea zote mara moja. Halafu zinachoka, zinaacha."

Nimefundisha miaka sita na sijawahi kufundisha hivyo. Mama Wambui alibaki ameshikilia mkono wa jirani yake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo tulisikia sote, "Sasa ukianguka, mimi nifanye nini?"

"Usiniwekee kijiko kwa mdomo, Mum. Toa vitu ziko karibu, nilaze kwa ubavu, uangalie saa. Ikipita dakika tano, unipeleke hosi kwa daktari. Na ukae na mimi."

Mama yake akaketi. Hakusema alichoamua. Afisa akainuka kufunga mkutano, akasema ameona masomo mengi lakini la leo ndilo la kwanza kushuka mpaka tumboni, na aliyelifundisha si mwalimu. Nilikubaliana naye kwa moyo wote.

Tangu siku hiyo nimeapa, mtoto akiniambia "si tufanye tu hii", nafanya hiyo, na sipiti jikoni kwa Mama Nekesa hata nikiwa na kalamu bila kumwambia ni kalamu.

Jumatatu nilifika mapema kuliko mwenye funguo, nikasimama kwa lango nikijifanya nasoma simu. Wambui akatokea kwa vumbi na begi mgongoni, na mkebe mkononi. Mama yake alikuwa amechinja mbuzi. Juu ya kifuniko mama huyo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: YA SOMO. MSIPIKE.