Chesi ya Kuku Anayeatamia

Aliyemfundisha Swadiki chesi alikuwa baba yake, sajenti, na alimfundisha kwa kandambili. Mtoto akisogeza askari hatua moja badala ya mbili, kandambili inatua mgongoni. "Askari ya kuogopa ni ya nini?" mzee alikuwa akifoka. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba serikali aliyoitumikia ilipoanguka, yeye mwenyewe alivuka mpaka na wake zake na mbuzi zake, akakaa Aba, upande wa Kongo, miaka saba bila kumshambulia hata panya. Mambo hayo hayasemwi mbele ya watoto.

Swadiki akarithi vyote, chesi na kufoka. Sasa ana miaka hamsini na kitu, ni fundi wa pikipiki hapa Koboko, mji wa mpakani, na kila Jumamosi alasiri watu hukusanyika kwenye baraza ya gereji yake kucheza. Ubao aliuchora mwenyewe juu ya mfuniko wa sanduku. Ngome moja ilipotea zamani, mahali pake pamesimama plagi ya pikipiki iliyokufa. Pembeni kuna kiti kimoja tu cha maana, chenye mto. Hicho ni cha mshindi, naye huanza na kete nyeupe. Akishindwa anainuka, mwingine anakaa. Na anayekutwa kwenye kiti Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano ya Arua, huyo ndiye anayeongoza timu ya Koboko na kumkabili bingwa wao.

Kulikuwa na kifungu kimoja zaidi, na hicho alikileta Swadiki: mwenye kiti akitoka droo, naye anainuka. "Bingwa ya droo ni bingwa ya nini?" aliuliza siku ile, akipiga kifua. Watu wakacheka, wakakubali. Kwa mtu aliyekalia kile kiti miaka sita mfululizo, kifungu hicho kilikuwa pambo tu.

Mwaka huu alikitaka kiti kuliko miaka yote. Kule Arua kuna Kabiru, muuza vipuri vya magari, aliyemshinda mara mbili mbele ya umati. Mara ya pili alimpigapiga begani na kumwambia ajaribu ludo. Swadiki aliapa kurudi kuufuta huo mkono begani mwake.

Ndipo akaja Thérèse. Mkongomani, muuza vitenge, mwanamke mpana asiye na haraka, aliyejifunza chesi parokiani huko kwao. Alipoketi mara ya kwanza mbele ya Swadiki na kuanza kupanga kete zake, Swadiki alidhani mama wa watu hajui kanuni. Askari wake sita walisogea hatua moja moja, wawili hawakusogea kabisa. Hata mmoja hakukanyaga katikati ya ubao. Maaskofu wakajibanza nyuma ya askari wa pembeni. Farasi mmoja akasimama mbele ya mfalme, mwingine mbele ya malkia, basi. Akamaliza, akakunja mikono.

"Kujeni muone!" Swadiki aliita watu. "Kuku imekalia mayai!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Thérèse akatengeneza kilemba chake.

"Mama, hii mchezo ni ya vita. Wewe naogopa nini?"

"Mimi hapana ogopa, mzee. Mimi iko kwa nyumba yangu. Mutu akikuja, yeye ndiye iko na kazi."

Swadiki alimshinda siku hiyo, akamshinda na Jumamosi tatu zilizofuata, na kila mara alitoa mhadhara. Uchezaji ule, alisema, ni wa watu wanaolala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Ni uvivu uliovikwa jina la subira. Hakutaka kuona kwamba mchezo wa kwanza ulimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na wa nne ulimalizika muadhini akiwa tayari anaita magharibi. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe linalovuma halisikii kitu kingine.

Jumamosi ya mwisho akaketi, Thérèse akaketi. Swadiki akapeleka askari wanne katikati, bega kwa bega, na nyuma yao kete zake zote zikamwelekea mama wa watu. Lilikuwa jeshi la kutazamwa. Thérèse akajenga boma lake lilelile, kisha akaanza kupoteza muda waziwazi, mfalme hatua moja kulia, mfalme hatua moja kushoto.

"Hata aibu hana," Swadiki aliwaambia watazamaji.

Akasukuma askari mmoja ili avunje. Thérèse akasogeza wa kwake akamzuia. Akasukuma upande wa pili. Akazuiwa. Akasukuma tena, na ghafla hapakuwa na mlango popote, askari wake na wa Thérèse wamekabana pua kwa pua ubao mzima, na lile jeshi lake zuri limesimama nyuma yao bila pa kupita.

Mkono wake ukaelekea kwa farasi. Angemtoa sadaka, avunje ukuta. Akahesabu, mkono ukiwa hewani, na hapo ndipo alipowaona wale maaskofu wawili pembeni. Siku zote alidhani wamelala. Ukuta ukifunguka tu, wote wawili wanamtazama mfalme wake. Akaurudisha mkono wake pajani.

Wakazungusha kete zao pale zilipo, huku na huku, mpaka hata watazamaji wakachoka. Swadiki alijua anavyoonekana. Alionekana kama Thérèse.

"Hii ni droo," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetapika.

"Inuka, basi," alisema Kamisi, mchinjaji, ambaye kwa umri wake ndiye msimamizi.

"Lakini hajanishinda!"

"Nani alileta hii sheria, Swadiki?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Swadiki akainuka. Thérèse akaupiga mto vumbi, akakaa.

Kule Arua Swadiki alikaa meza ya pili, kando ya Thérèse, kama mke mdogo. Kabiru alikuja amevaa koti, akamtazama Thérèse, akatazama askari wake wakijikongoja hatua moja moja, akawageukia wenzake akicheka. "Hawa watu ya Koboko wametuletea kuku yenye inaatamia!"

Maneno yaleyale. Swadiki aliyasikia yakitoka katika kinywa cha mtu aliyemchukia, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi yalivyo ya kijinga. Angeweza kukohoa au kusema neno la kumwonya. Akanyamaza, na furaha mbaya ikampanda kifuani kumwona Kabiru akisukuma askari wake wanne katikati, bega kwa bega.

"Bwana, tunakungoja," alisema mpinzani wake mwenyewe, mwalimu mmoja wa Dadamu, hapo jirani.

Swadiki akautazama ubao wake. Mgongo ukamwasha pale pale kandambili ilipokuwa ikitua. Kisha, akijidharau kabisa, akashika askari wa pembeni akamsogeza hatua moja.