Vyombo Vilivyohamia kwa Shadya

Kwa miaka kumi na minane Mwamini wa Kasingirima hakupikia sufuria yenye kiraka, na jambo hilo aliliona heshima yake. Mumewe Haruna, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyombo: aliziba sufuria, alitia mabirika vishikio vipya, alikata madebe ya mafuta akatengeneza majiko. Lakini chombo kikitoboka kwa Mwamini, mke mkubwa, hakikumngoja fundi. Alinunua kipya, na kile kibovu akampelekea Shadya, mke mdogo, kule Rusimbi. Mdomoni aliita msaada. Moyoni alitaka bi mdogo ajue kwamba anaokota alivyovichoka yeye.

Kosa lake hakuliona mapema. Vyombo vya nyumbani Haruna hakuvizibia kibandani kwake. Aliviziba uani, pale pale vinapotumika, na hakuondoka bila kuvijaribu. Akishakibana kiraka kwa ribiti, vile vijisumari vya kugongea, alijaza maji, akaiweka sufuria juu ya majivu makavu, kisha akaketi na kahawa yake aone kama majivu yatalowa. Kazi aliyoianza baada ya adhuhuri ilimalizika alasiri imeshaadhiniwa, hata siku ambazo zamu ilikuwa ya Mwamini. Majirani walimletea habari: leo tena yuko kwa mdogo, anaziba sufuria. Naye alijua ni sufuria iliyotoka wapi. Wivu ukamla.

Haruna alifariki mwezi wa Shaabani, kwa homa ya siku tatu tu. Eda ilipoisha Mwamini alitazama vyombo vyake. Vilikuwa viking'aa, na hakuna hata kimoja kilichoguswa na nyundo ya marehemu. Akajitanda khanga akaenda Rusimbi.

Shadya alimwamkia, akamkaribisha mkeka. Ukutani zilipangwa sufuria tisa, ribiti zimelala sawasawa kama mshono wa cherehani. Mwamini akahisi kuchomwa.

"Nimekuja kuchukua ile kubwa ya pilau," alisema. "Ilikuwa yangu."

"Ulinipa kwa mkono wako, dada. Tena ukasema mtu kama mimi inamtosha."

Mwamini hakukana. Alisema tu kwamba kwake hakukubaki kitu chenye kazi ya mkono wa mume wao. Halafu likamtoka lile lililomkaa rohoni miaka yote. "Alikuwa anashinda hapa. Mlikuwa mnaongea nini?"

Shadya akacheka, cheko kavu. "Wewe. Akishika tu sufuria anaanza: dada yako ana jicho la kununua, hebu ona uzito wa hii. Dada yako wali wake hauungui. Mimi namchemshia kahawa, yeye habari zake zote za Kasingirima. Unadhani nilivipenda hivyo vyombo vyako?"

Aliiteremsha sufuria ya pilau akamwekea miguuni. Mwamini akaomba na birika lililotoka kwake, lakini hilo Shadya alikataa katakata kulitoa.

Mwamini alirudi na sufuria kichwani, bila kuifunika. Njiani alimwomba Mungu msamaha, maana mwenzake naye ni mjane, na kumbe kidonda chake ni cha siku nyingi. Aliomba kwa dhati. Lakini furaha ilikuwa imemjaa kifua, haikutaka kutoka, na kabla hajafika kwake alikwishaanza kulifikiria lile birika: lilizibwa mara ngapi, na katika kuzibwa huko yeye alitajwa mara ngapi.