Samansi Iliyosomwa Mdomoni mwa Duara

Nakumbuka siku moja niliyoitwa kwa majina yangu matatu nikiwa chini ya ardhi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mchimbaji wa dhahabu huku Runzewe, na duara letu, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa limeshuka hata ukitazama juu unaiona mbingu ndogo kama sahani. Aliyeniita hakuwa mwenzangu wa zamu. Alikuwa tarishi wa mahakama.

"Jidayi Ng'wandu Malale! Nina samansi yako. Panda uipokee."

Sikushtuka. Nilikuwa nimemwona akiegesha baiskeli, ndiyo maana nikashika kamba nikashuka. Machimboni tuliaminishana kwamba karatasi ya mahakama usipoigusa, haijakufikia. Wenzangu waliobaki juu wakashangilia kama wako kwenye mpira.

"Afande, karatasi haishuki duarani!" mmoja akamtania. "Labda uitumbukize kwenye ndoo!"

"Mimi si askari," tarishi akajibu kwa upole. "Na mwenzenu hajaiba. Ni madai ya ng'ombe, anaitwa aseme upande wake."

Nami kwa kiburi cha ujana nikapaza sauti kutoka chini, "Mwambie hakimu, akitaka kuniona ashuke achimbe!"

Tarishi hakubishana. Nilisimuliwa baadaye kwamba aligeuza ile samansi, akaandika kitu nyuma yake, akawaomba wenzangu wawili wasaini. Wakasaini huku wakicheka.

Ngoja nikueleze habari ya ng'ombe hao. Marehemu baba alimlelea Mzee Shija kundi lake kwa desturi yetu Wasukuma: unachunga ng'ombe wa mwenzako, unakunywa maziwa, unalima nao, na miaka ikipita mwenye mali anakupa mtamba wa shukrani. Baba alipewa mtamba wake, shangazi yangu akishuhudia. Mtamba akazaa, na katika uzao ule mayu, mama yangu, akapata maksai wanne wa kulimia majaruba yake ya mpunga. Baba alipofariki, Mzee Shija akasema hakuwahi kutoa mtamba. Akataka maksai wote wanne, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeachiwa mji, yaani boma la baba, akanidai mimi.

Siku ya kesi niliendelea kugonga mwamba. Mahakama ya Mwanzo ikasikiliza upande mmoja, na mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Siku chache baada ya hukumu, maksai wakachukuliwa. Mayu akanitumia maneno matatu tu: "Njoo uone zizi."

Nikaenda naye mahakamani kuomba hukumu itenguliwe, kesi isikilizwe upya. Hakimu alikuwa ameketi na wazee wa baraza wawili, raia kama wewe na mimi, wanaosikiliza pamoja naye. Akaniuliza kwa nini sikufika. Nikajibu kwamba sikupata taarifa. Akageuza samansi akasoma yaliyoandikwa nyuma: "Mwambie hakimu, akitaka kuniona ashuke achimbe." Watu wakaangua kicheko. Mayu hakucheka. Mwanangu, katika jalada zima la kesi ile, maneno yangu yalikuwa hayo tu.

Ombi likakataliwa. Mmoja wa wale wazee wa baraza, mama wa makamo aitwaye Mama Kabula, akanikuta nje nimejiinamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shahidi unaye?"

"Shangazi yangu, yuko Kolandoto. Mtamba alitolewa mbele yake."

"Kumbe! Shahidi yuko Kolandoto na wewe uko shimoni." Akatikisa kichwa. "Ulidhani tunakuita tukufunge? Madai si jinai, baba. Tulikuita useme. Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito. Ungekuja ukayakataa maneno ya Shija moja moja, nasi tungeyapima. Mahakama haimsemei mtu aliyenyamaza."

"Sasa nifanyeje?"

"Omba nakala ya hukumu leo hii, ukate rufaa Mahakama ya Wilaya. Una siku thelathini. Usiende kuzihesabia duarani."

Nilikata rufaa ndani ya muda. Nikamleta shangazi kwa basi, kajifunga khanga mpya, ushahidi wake ameushika vizuri kichwani. Hakusikilizwa. Hakimu wa wilaya alinieleza bila hasira kwamba mahakama ya juu hupima yaliyosemwa chini. Haiiti mashahidi wapya hivi hivi. Rufaa ikatupwa. Shangazi akarudi Kolandoto na ukweli wake mdomoni.

Msimu ule mayu alilima majaruba kwa jembe la mkono. Nikaacha machimbo, nikalima pembeni yake, katika udongo mweusi ule unaong'ang'ania jembe kama mdai. Hakunilaumu. Alisema mara moja tu, tukiwa tumeinama: "Ungesema tukashindwa, ningelala usingizi."

Basi sikia, mwanangu. Mahakama ni ngazi: ya Mwanzo, ya Wilaya, Mahakama Kuu, hadi ya Rufani, na kila kipandio kina muda wake. Lakini ngazi hupandwa kutoka chini, kwa hiyo sema yako yote mapema, na mashahidi wako uende nao. Mgogoro wa shamba una njia yake, unaanzia baraza la kata kwa usuluhishi. Polisi hupeleleza, hawatoi hukumu. Usichokielewa muulize karani, au mtafute msaidizi wa kisheria. Kuuliza si ujinga. Na samansi ikija, ipokee kwa mikono miwili, usome tarehe, ufike kabla ya saa. Haki ya kusikilizwa ni yako kama ilivyo ya tajiri, ila hakuna atakayeitumia kwa niaba yako ukiwa umejificha.

Mungu akujalie sauti isiyotetemeka, akutunzie mashahidi wako wawe na umri mrefu, na siku utakayoitwa, miguu yako iwe myepesi.